Tangi la kwanza la samaki Tanga: wasiwe waja leo, waondoka leo

Msemo wa mji wetu, "waja leo, waondoka leo", kila Mtanga ana tafsiri yake. Yangu niliipatia kwenye tangi la kioo. Ijumaa moja ya Februari nilipokea samaki 14 waliotoka Dar kwa basi: neoni, goldifishi wawili, gapi kadhaa, na mmoja mrembo mwenye mapezi marefu ambaye hata jina lake sikulijua. Jioni hiyohiyo nikawamwaga kwenye tangi nililokuwa nimelijaza asubuhi kwa maji ya bomba. Jumatatu walibaki 5. Alhamisi nilibaki na mchanga, mawe na taa.

Aliyeniuzia alisema ni uchovu wa safari. Safari ilisingiziwa. Maji yalikuwa na klorini, tangi lilikuwa changa, chumba kilikuwa cha moto, na samaki wenyewe hawakuwa wa kukaa nyumba moja. Laiti ningeanza na maji niliyonayo na joto la sebule yangu, ndipo niulize ni samaki gani wanaoyaweza, nusu ya wale nisingewanunua kabisa. Basi hapa tutakwenda kwa mpango huo: maji kwanza, samaki baadaye sana. Ukiwa na pupa ya kujaza tangi wiki hii, utanichukia kidogo tukifika hatua ya 4.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki na kuzuiwa kwenye bwawa la Mabayani, kisha yanasafishwa na kutiwa klorini. Klorini hiyo inayotukinga sisi na maradhi ya tumbo inaunguza mashavu ya samaki, yaani viungo anavyopumulia. Dawa yake ya bure ni subira: jaza ndoo au pipa, liache wazi saa 24 hadi 48, na kama una pampu ya hewa iache itoe mapovu humo usiku kucha. Ziko pia dawa za matone za kuondoa klorini, nyingi zimetengenezwa kwa sodiamu thaiosalfeti, na zinafanya kazi kwa dakika chache. Weka chupa moja kabatini hata kama huzoea kuitumia. Siku tangi litakapovuja au maji yatakapochafuka ghafla, hutakuwa na saa 24 za kusubiri.

Maji ya kisima ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya chokaa: mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayo, na kiwanda cha saruji kipo Pongwe kwa sababu hizohizo. Maji yanayopita kwenye chokaa hutoka magumu, yana madini mengi. Huhitaji maabara kuyatambua. Sabuni inagoma kutoa povu, na birika linabaki na ukoko mweupe chini. Mwenye kisima Tanga huona hiyo ni laana ya kufulia nguo, lakini kwa tangi la mwanzo ni bahati, kwa sababu samaki rahisi kuliko wote wanayapenda maji magumu. Yaonje tu kwanza. Visima vilivyo karibu na bahari vingine vina chumvi, na maji ya chumvichumvi moli na gapi wanaweza kuyavumilia, wengine wengi watateseka.

Maji ya mvua ni laini mno, karibu hayana madini, na ukiyatumia peke yake hali ya tangi inayumba. Yafaa kuchanganya nusu kwa nusu na ya kisima kilicho kigumu kupita kiasi. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga ya pili.

Sasa joto. Jaza maji jagi kubwa, liweke pale unapotaka tangi likae, na upime kwa kipimajoto alfajiri na saa 10 jioni kwa siku 3. Kwangu, msimu wa kaskazi maji hufika nyuzi 30 hadi 31 na usiku hayashuki sana. Kusi likivuma Julai yanarudi 25 au 26. Maana yake ni mbili. Ya kwanza ni furaha: hita huna haja nayo, hela hiyo nunulia filta. Ya pili uiweke akilini: maji ya moto hubeba hewa kidogo. Kwenye nyuzi 25 lita moja ya maji hubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 hushuka hadi kama 7.6, wakati samaki mwenyewe kwenye joto anapumua kwa kasi zaidi. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba tangi la ukubwa fulani linabeba samaki 30, jua aliyeandika huenda anakaa kwenye baridi. Sisi tupunguze.

Hatua ya 2: Tangi lenyewe

Usianze na bakuli la duara, hata kama linauzwa pamoja na samaki. Maji machache huharibika haraka na hupata joto haraka. Tangi kubwa ndilo rahisi kulitunza, ingawa macho yanadhani kinyume. Kipimo ninachompendekezea kila anayeniuliza ni sentimita 80 urefu, 35 upana, 40 kimo. Ni lita 112 likijaa hadi ukingoni. Ukitoa nafasi ya juu na mchanga unabaki na takriban lita 95. Nafasi ikibana, 60 kwa 30 kwa 35 inatosha kwa kundi dogo.

Mafundi wa vioo na aluminiamu wapo Ngamiani na wanaweza kukukatia na kukugandishia. Mwambie mambo mawili. Kwanza, kioo kisipungue milimita 6. Pili, silikoni iwe ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwani ile ya bafuni ina sumu inayoua samaki polepole, na utahangaika miezi bila kujua. Likishagandishwa liache wiki nzima, halafu lijaze maji nje barazani kwa siku 2 uone kama linavuja. Usilijaribie juu ya zulia la mama.

Lita moja ya maji ina kilo 1. Tangi hilo pamoja na kioo na mchanga ni kama kilo 130, watu wawili wazima wamesimama juu ya meza usiku na mchana. Meza ya televisheni haiwezi. Tengenezesha stendi ya chuma au mbao ngumu, pima kwa pimamaji isiinamie upande, na utandike kipande cha sponji nyembamba au thamopo (lile povu gumu jeupe la kufungashia) kati ya meza na kioo. Liwe mbali na dirisha lenye jua: jua huotesha ukijani kwenye kioo na kuchemsha maji. Mfuniko ni lazima. Samaki huruka, na paka wa Tanga wanajua wanachokipenda.

Hatua ya 3: Mchanga, mimea, filta

Hapa hatuna haja ya kukaa sana. Chukua mchanga wa mto, ule mkubwamkubwa wa kujengea, uuoshe kwenye ndoo mara 10 au zaidi hadi maji yatoke meupe, na uutandaze kina cha sentimita 4. Mchanga wa ufukweni uache: una chumvi na vipande vya kombe na matumbawe, ambavyo huyafanya maji yawe magumu zaidi mwezi hadi mwezi. Kama una shaka na jiwe au mchanga, dondoshea siki. Ukichemka mapovu, una chokaa.

Mimea hai inasaidia kuliko mapambo ya plastiki kwa sababu inakula uchafu wa samaki na kuwapa vifaranga mahali pa kujificha. Ile inayoelea au kuota bila masharti ndiyo ya kuanzia. Magugu maji yenye ua la zambarau, tafadhali, yaache yalipo.

Filta ya kuanzia ni ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Haina urembo, ina kelele kidogo, lakini kwa nyumba zetu sijaona inayoishinda: ni rahisi, haifyonzi vifaranga, na mapovu yake yanaongeza hewa kwenye maji yetu ya moto. Nunua ya lita 100 na kuendelea. Pampu yenyewe iweke juu kuliko usawa wa maji, au uweke vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yatapanda kwenye mpira na kumwagikia pampu. Na waya wa umeme uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Hatua ya 4: Kulikomaza tangi (wiki 4 hadi 6)

Hii ndiyo hatua niliyoiruka, na ndiyo iliyoniulia samaki wengi kuliko mengine yote kwa pamoja.

Samaki anakula, anapumua na anajisaidia ndani ya maji yaleyale. Mtoni uchafu huchukuliwa na mkondo. Tangini unabaki, na kinachotoka kwenye mashavu yake na kinyesi chake ni amonia, sumu kali isiyoonekana kwa macho. Maji yanaweza kumetameta kama kioo na yakawa yanaua. Kinachookoa ni bakteria wanaojenga kwenye sponji ya filta, mchanga na mawe. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu: inazuia damu ya samaki isibebe hewa. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo; mimea inaila na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Makundi yote mawili hukua taratibu, la pili taratibu zaidi.

Kuna jambo linalotugusa sisi wa pwani hasa. Kadiri maji yanavyokuwa na joto, na kadiri yanavyoelemea upande wa magadi kuliko asidi, ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyogeuka kuwa ile hali yake kali. Maji yetu ya kisima yana sifa zote mbili. Amonia ambayo mtu wa nchi ya baridi angepona nayo, hapa itawaua samaki wako usiku mmoja.

Basi tunawakuza bakteria kabla samaki hajafika. Jaza tangi kwa maji yaliyolala, yaani yaliyoachwa wazi hadi klorini iishe, washa filta na usiizime tena. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi mashua zikirudi, nunua kamba mmoja mbichi, mfunge kwenye soksi kuukuu ya nailoni na umning'inize ndani. Ataoza na kutoa amonia, chakula cha bakteria. Siku ya 3 au 4 kutakuwa na harufu, na watu wa nyumbani watasema. Wavumilie. Akianza kusambaratika mtoe na soksi yake, kisha endelea kutupia punje kidogo za chakula cha samaki kila siku. Wengine hutumia chakula tangu mwanzo bila kamba. Kinafanya kazi, polepole zaidi.

Kama unaweza kuagiza vipimo vya matone vya kupimia maji, agiza. Mwanzoni amonia itapanda, baadaye itashuka na naitraiti itapanda, mwishoni zote mbili zitasoma 0 na naitreti itaonekana. Hapo tangi limekomaa. Bila vipimo, hesabu wiki 6 kamili kwa kalenda, usipunguze kwa sababu maji "yanaonekana mazuri". Katikati yatakuwa meupe kama yametiwa maziwa kwa siku chache, kisha yatasafika yenyewe. Usiyamwage.

Njia ya mkato ipo moja tu ninayoiamini: mtafute mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, akupe kipande cha sponji yake chafu. Kibebe kikiwa kimelowa kwenye maji ya tangi lake, siyo ya bomba, na kiweke karibu na filta yako siku hiyohiyo. Wiki 6 zinaweza kuwa 2.

Hatua ya 5: Nani akae na nani

Kijana wa jirani alinijia na picha kwenye simu. "Kaka, nataka hawa, neoni 20, wanawaka kama taa."

"Maji yako ya wapi, mdogo wangu?"

"Kisima cha mzee, pale Pongwe."

Neoni anatoka kwenye mito ya Amazon yenye maji laini, yenye asidi kidogo, na anapenda nyuzi 20 hadi 26. Kumtia kwenye maji ya chokaa yenye nyuzi 30 ni kumhukumu. Anaweza kuishi wiki kadhaa, lakini rangi yake itafifia na mmojammoja watapungua. Goldifishi ndiye anayeuzwa zaidi na ndiye asiyefaa zaidi: asili yake ni maji ya baridi, anakua hadi kuzidi sentimita 15, na anachafua maji kwa wingi. Pleko anayeuzwa akiwa kama kidole, "msafisha kioo", hufika sentimita 30 na zaidi. Oska naye hufika hapo, na njiani atakula kila kinachoingia mdomoni mwake. Enjeli ni mpole hadi akue. Gapi wadogo kwake ni chakula cha jioni. Taiga babi wana tabia ya kung'ata mikia mirefu ya wenzao.

Wanaoyapenda maji yetu ni wale wanaozaa badala ya kutaga: gapi, moli, plati na mkia-upanga. Asili yao ni Amerika ya Kati na maeneo jirani, wamezoea maji yenye madini, na joto la 28 haliwasumbui. Gapi na moli hustahimili kaskazi kuliko plati. Usiwadharau kwa sababu ni wa bei rahisi. Gapi dume aliyelishwa vizuri, jua la jioni likimpiga ubavuni, hana deni na samaki yeyote wa bei kubwa.

Tatizo lao ni uzazi. Jike la gapi huzaa takriban kila baada ya wiki 4, na tumbo moja laweza kutoa vifaranga 20, 40 au zaidi. Tena huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, hivyo hata ukimnunua peke yake anaweza kukuzalia mara kadhaa bila mume. Amua mapema. Ukitaka amani, nunua madume tu. Ukitaka watoto, weka dume 1 kwa majike 2 au 3, kwani madume yakiwa mengi yanawakimbiza majike hadi wachoke. Dume la gapi, moli na plati utalijua kwa pezi la chini karibu na mkundu: ni jembamba kama kijiti, la jike ni pana kama kipepeo.

Kwa lita 95 zilizokomaa, mimi ningejaza hivi. Kundi la kwanza: gapi madume 5. Basi, hao tu, kwa wiki 3. Bakteria waliopo wanalingana na uchafu uliopo, na ukiwaongezea mzigo ghafla wanazidiwa. Kundi la pili: plati 4, dume 1 na majike 3, au madume matupu. Baada ya wiki 3 nyingine ongeza gurami mmoja wa aina ndogo, anayekaa juu na kupumua hewa ya nje, kwa hiyo joto halimtishi. Mmoja, kwa sababu madume 2 watapigana. Ukitaka moli, wachukue 3 badala ya plati, usiwajumlishe. Moli hufika sentimita 8 hadi 10 na anakula kama mgeni wa harusi.

Kwa ajili ya chini, korido ni kipenzi cha wengi, lakini aina nyingi zake zinataka nyuzi 22 hadi 26. Aina ya sterbai ndiyo inayovumilia joto vizuri, na inataka kuwa kundi la 6. Usipoipata, sakafu ikibaki tupu hakuna ubaya. Jumla inakuwa samaki 10 hadi 16. Tangi litaonekana lina nafasi, na hiyo nafasi ndiyo itakayowaokoa siku umeme utakapokatika.

Beta, yule mwenye mapezi kama kanga iliyopepea, mpe tangi lake. Akiwa na gapi atawadhania mahasimu kwa sababu ya mikia yao.

Watu huniuliza kuhusu samaki wetu wa nyumbani. Wale wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Nyasa wanapenda maji magumu kweli, ila wengi ni wakorofi wa mipaka na wanahitaji tangi la peke yao lenye mawe mengi. Vifaranga vya perege kutoka bwawani vitachimba mchanga wote na kuwapiga wengine ndani ya miezi michache. Lakini yuko mmoja ambaye kila nikimfikiria najisikia fahari: samaki wa jenasi ya Nothobranchius, anayeishi kwenye madimbwi ya mvua ya huku pwani. Spishi ya Nothobranchius palmqvisti inapatikana kwenye nyanda za chini za Tanga na kusini mwa pwani ya Kenya. Dume ana rangi ambazo hata dukani Dar huzioni. Dimbwi likikauka wakubwa wote hufa, mayai yanabaki ndani ya tope yakisubiri mvua, na mvua ikija yanaanguliwa. Maisha yake ni mafupi, madume ni magomvi, na si wa tangi la mchanganyiko. Ukimwona dimbwini, mtazame umwache.

Hatua ya 6: Kuwaleta na kuwaingiza

Kabla ya kulipa, simama mbele ya tangi la muuzaji dakika 10. Mapezi yawe wazi, siyo yamebanwa mwilini. Ale mbele yako. Ukiona mmoja mwenye vidoa vyeupe au maiti pembeni, usinunue hata yule mzima wa tangi hilohilo.

Wakitoka Dar ni safari ya takriban kilomita 350. Mwombe muuzaji asiwalishe siku moja kabla, ili wasichafue mfuko njiani. Maji yajaze theluthi ya mfuko, hewa theluthi 2, mifuko iwe miwili mmoja ndani ya mwingine, na yote iingie kwenye deli au boksi la thamopo. Safari ya usiku au alfajiri ni nafuu. Mfuko usikae juani kwenye dashibodi wala karibu na injini.

Nyumbani zima taa ya tangi. Uache mfuko uelee juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane, kisha uufungue na utie kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika 10, mara 4 au 5. Watoe kwa kiwavu kidogo. Maji ya mfuko mwaga chooni, yasiingie tangini. Usiwalishe hadi kesho yake.

Kuanzia kundi la pili ni vizuri kuwatenga kwanza wiki 2 hadi 4 kwenye beseni kubwa lenye sponji na hewa. Wengi hawafanyi hivyo. Mimi pia sikufanya hadi vidoa vyeupe viliponifundisha.

Hatua ya 7: Kulisha na kusafisha

Mara 1 au 2 kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 2, na siku moja kwa wiki wasile. Anayewaua samaki nyumbani huwa ni mwenye huruma. Mama yangu aliwatupia maandazi.

"Mama, watakufa."

"Mwanangu, kila nikipita wananifuata. Hawa wana njaa."

Samaki humfuata kila mtu siku zote, hata akiwa ameshiba. Tulikubaliana awe yeye ndiye anayelisha, kwa kijiko kimoja kidogo kabisa, na mkebe ukae kwake. Toka hapo hakuna tena aliyelisha mara mbili.

Zaidi ya chakula cha dukani, mara moja kwa wiki wape mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto au punje ya njegere iliyochemshwa na kumenywa. Viluwiluwi vya mbu ni karamu kwao. Uchote kwa kichungi cha chai kutoka kwenye ndoo unayoimwaga yote siku hiyohiyo, maana ukisahau utakuwa umefuga mbu. Dagaa wa kusaga wanaliwa lakini wanachafua maji haraka.

Kila wiki toa robo ya maji kwa kufyonza na mpira kutoka chini penye uchafu, rudisha maji yaliyolala na yenye joto linalolingana. Sponji ibonyezebonyeze ndani ya ndoo ya maji hayo machafu uliyotoa, kila inapopunguza mapovu. Ukiiosha kwa bomba na sabuni umewaua bakteria wote wa wiki 6 kwa dakika moja.

Umeme ukikatika na mambo mengine ya ghafla

Saa 1 au 2 hazina shida kama hukujaza samaki kupita kiasi. Zaidi ya hapo, usiwalishe, fungua mfuniko, na kila nusu saa chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu kwa dakika kadhaa ili yapate hewa. Pampu ndogo ya betri ni uwekezaji mzuri kuliko taa za rangi. Filta ya sponji iliyo ndani ya maji hustahimili kukatika kwa umeme kuliko ile ya boksi lililofungwa. Hiyo ya boksi ikizimika saa nyingi, ifungue uisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha, kwa sababu ndani kumeoza.

Samaki wote wakipanda juu kuvuta hewa alfajiri: kama filta inafanya kazi, fikiria amonia kwanza. Badilisha theluthi ya maji mara moja na usimamishe chakula siku 2. Wakipanda mchana wa kaskazi tu, ni joto. Ondoa mfuniko, weka wavu badala yake, elekeza feni ipulize juu ya maji. Joto litashuka nyuzi 2 hivi, na maji yatapungua kwa kukauka, uongeze yaliyolala. Usitie barafu.

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi mwilini ni kimelea. Kwa tangi la samaki wanaozaa, chumvi ya kawaida gramu 2 kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwanza na kutiwa kidogokidogo ndani ya siku 2, ibaki siku 10 hadi 14. Ukibadilisha maji rudisha chumvi ya kiasi ulichotoa tu. Korido na mimea mingi haiipendi, watenge.

Vifaranga vikizidi

Vitazidi. Baadhi wataliwa na wakubwa, usiingilie sana. Waliobaki wagawe, lakini usiwamwage Zigi, wala mtaroni, wala kwenye dimbwi lolote. Samaki wa kigeni wakishika mahali hawatoki, na madimbwi hayo yana wenyewe.

Yule kijana wa Pongwe alikuja mara ya pili bila picha ya neoni. Nilimpa kipande cha sponji kilicholowa ndani ya mkebe wa maji na kumwambia arudi baada ya wiki 2 kuchukua gapi 5. Siku ya 4 alinipigia simu kuniuliza kama ni kawaida mama yake kutaka kumfukuza nyumbani kwa sababu ya harufu ya kamba.